Kitabu cha Simbiliki Nilichokipigia Kashe

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa viatu vya kuazima. Niliambiwa nifike saa moja asubuhi kwenye depo ya vitabu, nyumba ndefu ya mabati hapa Goma, na mimi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni, nimesimama kama mlinzi. Ilikuwa ile miaka ambapo wakimbizi wa ng'ambo ya mpaka walijaa mjini mpaka huwezi kupita barabarani bila kugusana bega na mtu. Misaada ilikuwa inafika: unga, maharagi, shitingi za kufunika vibanda. Na watu wengine, sijui nani aliwashauri, walituma vitabu. Vilikuja kwa kamyo, vimefungwa ndani ya karto, yale maboksi ya karatasi ngumu, vingine vimelowa.

Muzee Direkta, mkubwa wetu wa kwanza, alikuwa mtu wa maneno machache.

"Shule?" aliniuliza.

"Darasa la ine, Papa Direkta."

"Mugongo?"

"Mugongo iko."

"Basi tumikisha mugongo."

Hiyo ndiyo ilikuwa mitihani yangu yote ya kuingia kazini. Vijana wa leo mnabeba diplome ndani ya plastiki, mnazunguka nayo mji mzima. Mimi nilibeba karto, na nawaambia bila kuficha: kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna kitabu cha mnyama kilichotoka katika depo ile, kwenda shuleni ama kambini, bila kupita kwanza hapa mikononi mwangu. Batoto walikuwa wananiita Papa Kashe, kwa ajili ya muhuri niliokuwa napiga. Niulizieni.

Nilitokaje kwenye karto mpaka kwenye kashe? Kulikuwa na mtawa mmoja mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi, tukimwita Masera wa Katalogi. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kitabu kwenye daftari na kuamua kiende ama kibaki. Wiki ya pili nilimpitia nyuma na karto begani, nikaona kitabu kiko wazi mezani, nikacheka kwa sauti.

"Unacheka nini, weye wa karto?"

"Samahani, Masera. Ni huyu sokwe."

"Amefanya nini?"

"Wamemupatia mukia. Sokwe hana mukia."

Aliinua miwani. Akafungua ukurasa mwingine, akauelekeza kwangu kama mwalimu. "Na huyu gorila?"

"Huyu anapiga kifua na ngumi. Gorila anapigaka na kiganja wazi, Masera. Njo maana sauti inafika mbali."

"Nani alikufundisha?"

"Papa yangu alikuwa pistere." Pistere ni mtu anayetangulia porini kufuata nyayo, ili walinzi na wageni wamwone mnyama. Baba yangu hakujua kusoma hata jina lake, lakini jani lililolala upande wa kushoto alilisoma.

Masera alifunga kile kitabu, akakiweka chini, kwenye lundo la kukataliwa. "Kesho ukuje na shati safi," akasema.

Acha nieleze kazi yenyewe, maana imepotea. Kupima kitabu cha wanyama tulikuwa tunaanza na mwili wake. Unakishika kwa jalada moja, unakitikisa. Kama kurasa zimeshonwa kwa uzi, kitaishi. Kama ni gundi tu, vumbi la volkano na unyevu wa ziwa vitakimaliza kabla batoto hawajajua jina la mnyama wa kwanza. Halafu unakitoa nje kwenye jua. Karatasi inayong'aa sana inarudisha mwanga machoni, na batoto wa kambi wanasomea nje, si ndani. Nilikuwa nakinusa pia. Kitabu kilichoshika ukungu kinajulikana kwa pua kabla ya macho.

Baada ya mwili, unapima ukweli. Hapo ndipo nilikuwa fundi. Nilikuwa nahesabu vidole. Simbiliki, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye nyumba nyingi za kwetu zinamfuga, ana vidole vinne mbele na vitatu nyuma. Vitabu vingine vinamwita nguruwe wa India, na mimi mpaka leo sijaona nguruwe pale wala India. Mchoraji akimpa vitano vitano, najua hakumwona, aliota tu. Najua pia mtoto wa simbiliki anazaliwa na manyoya yake na macho wazi, siku hiyo hiyo anatembea, lakini mtoto wa sungura anazaliwa uchi na kipofu. Vitabu vingi vinawachanganya. Nilikuwa navishika hapo, kama polisi wa barabara.

Mwanzoni nilikuwa mkali kupita kiasi. Nilikataa kitabu cha sungura aliyelala kitandani na blanketi mpaka shingoni. Masera akakitoa kwenye lundo la kukataliwa.

"Masera, sungura hana kitanda. Ni uongo."

"Batoto ba kambi banajua sungura hana kitanda. Banapenda tu kuona mutu mwenye kitanda cha kupatia sungura."

Kile kitabu kilienda, kikarudi baada ya mwaka jalada limekuwa laini kama kitambaa. Toka siku ile nilijua kwamba kitabu kilichochakaa kwa mikono kimejipimia chenyewe.

Muzee Direkta alistaafu, Masera akahamishwa mbali, akaja Direkta wa Pili, kijana wa chuo kikuu. Siku ya kwanza alipita katikati ya meza, akauliza kwa nguvu ili wote wasikie:

"Mutu wa darasa la ine njo anatuchagulia vitabu?"

Niliweka vitabu viwili mbele yake. "Papa Direkta, kati ya hivi, chagua kizuri."

Alichukua kinene, chenye kung'aa. Nikakifungua ukurasa wa simbiliki aliyezaa: batoto uchi, macho yamefungwa. "Hawa ni panya, Papa Direkta. Umetuchagulia panya." Biro nzima, ofisi yote, ilicheka, na yeye, namheshimu kwa hilo, alicheka pia. Mwezi ule aliagiza kashe ya mpira, ya mviringo, imeandikwa KIMEPIMWA. Akaniwekea mkononi. Vita vilikuja, vikapita, vikarudi kwa jina lingine. Depo iliporwa, tukaanza tena. Kashe ilikuwa inalala mfukoni mwangu.

Sasa nifike pale ninapolazimika kufika.

Ilikuwa wakati wa Direkta wa Tatu, muzee mwenye haraka, na watu wa Rutshuru walikuwa wamekimbia vita, wamejaa kambi ya Kanyaruchinya, chini ya volkano. Asubuhi moja kamyo ya vitabu ilikuwa inangoja kwenda huko, injini imeshawashwa. Direkta akaniletea karto moja ya mwisho: nakala za kitabu cha kufuga simbiliki, kimeandikwa kwa Kiswahili kizuri.

"Pima mbio," akasema. "Shofere anaungua kwa kungoja."

Nilikitikisa: uzi. Nilikitoa kwenye jua: karatasi haing'ai. Nilihesabu vidole: vinne, vitatu. Batoto wana manyoya. Nawaambia ukweli, sikuwahi kuona michoro kama ile. Ungesema simbiliki atatoka kwenye ukurasa alambe kidole chako. Kulikuwa na sehemu moja iliyosema: jikoni ni mahali pa moshi na uchafu, mtoe mnyama wako, mjengee kibanda cha mbao nje, kwenye hewa safi. Niliisoma. Niliona ni maneno ya maendeleo. Mama yangu alifuga simbiliki jikoni, chini ya uchaga wa kuni, na mimi mtu mzima wa biro nilikuwa naona haya nikikumbuka moshi ule. Nikapiga kashe kwenye nakala zote, pa, pa, pa. Kamyo ikaondoka.

Mvua zilikuja. Baada ya majuma machache mwanamke mmoja aliingia depo, miguu yake ina tope kavu mpaka magotini. Alikuwa ametembea tangu Kanyaruchinya. Alifungua fundo la kikwembe, kitenge chake, akatoa kile kitabu, akakiweka mezani.

"Nani anapigaka hii kashe?"

Nilisimama na tabasamu. Nilidhani amekuja kushukuru. "Ni mimi, mama."

"Ni weye." Aliniangalia toka kichwani mpaka viatuni. "Ulishaka kulala Kanyaruchinya, papa?"

"Hapana."

"Ulishaka kufuga simbiliki?"

"Tangu utoto."

"Wapi?"

"Kwa mama yangu. Jikoni."

"Jikoni," akarudia polepole. "Na sisi ukatuambia inje."

Jina lake Mama Kavira, wa Kalengera, huko Rutshuru. Hakujua kusoma, binti yake ndiye alimsomea kitabu, na alipoona kashe alimwambia, mama, hiki kimepimwa. Wakatafuta vipande vya mbao, wakajenga kibanda nje juu ya mawe, kama picha ilivyosema. Waliweka simbiliki kumi. Kule chini ya volkano mvua ni baridi, na upepo unapita kati ya mawe kama maji. Kwa mvua tatu, tisa walikufa. Lilibaki jike moja, nalo lilikuwa halili.

Direkta wa Tatu alisikia kelele, akatoka. "Mama, pole. Ni wanyama wadogo tu. Tutakupatia kitabu ingine."

"Sikuje kuomba kitabu," akajibu, hata hakupandisha sauti. "Nilikimbia na mutoto mugongoni na simbiliki mbili ndani ya kikwembe, zikazaa mpaka kumi. Mbuzi zilibaki. Shamba ilibaki. Mama yangu njo alinipatia wa kwanza wakati nilikuwa mutoto, hawa ni wajukuu wa wale. Ilikuwa Kalengera yangu yote, muzee. Haikuwa wanyama wadogo."

Wasiojua waelewe: kwetu simbiliki wa mtoto ni mali yake ya kwanza. Msichana anapewa jike, linazaa, anatunza uzazi ule mpaka anaolewa, anakwenda nao. Kitabu changu kilikuwa kimekata uzazi wa mama, wa bibi, kwa ukurasa mmoja.

Alipotoka, nilimwambia Direkta nataka kwenda Kanyaruchinya, kibanda kwa kibanda, kuwaambia watu waliopewa kile kitabu kwamba nilikosea.

"Ukisema kashe ilikosea mara moja," alinijibu, "nani ataamini mara nyingine zote? Kaa kimya. Mvua itakwisha."

"Na jike la yule mama?"

"Unataka kuenda, enda. Kashe iache kwa meza."

Niliiacha. Ninapenda kujisifu, mmeshaona, lakini siku ile sikujisifu. Mfuko ulikuwa mwepesi na nilitembea kama mtu aliyetoka hospitali. Kwanza nilienda Lac Vert, nje kidogo ya mji, kwa mtu niliyemjua anafuga, nikamwomba dume lenye nguvu, nikalipeleka Kanyaruchinya kifuani, ndani ya koti. Mama Kavira alilipokea, akalipima miguu, akalipuliza manyoya.

"Hii ni ya Lac Vert," akasema.

"Umejuaje?"

"Inaangalia watu bila haya."

Jike lilikuwa limelazwa ndani ya kibanda cha shitingi, kando ya mafiga. Alikuwa analilisha jani moja moja. Niliomba vitabu vyote virudishwe, na hapo akina mama walinikatalia.

"Picha ni nzuri," mmoja alisema. "Mutoto analala nayo. Utamunyanganya?"

"Lakini kinadanganya, mama."

Mama Kavira alinikatiza. "Haidanganye. Mwenye kuandika iko na jua kwao. Weye uko na kalamu?"

Basi nilikaa juu ya jiwe, siku baada ya siku, vitabu vinakuja kimoja kimoja, na yeye ananiambia, mimi naandika pembeni ya kila ukurasa kwa mkono wangu wa darasa la nne. *Huku ni baridi, mwache karibu na mafiga. Majani yenye umande yanamvimbisha tumbo, yaanike kwanza. Kukiwa na risasi mwingize kikwembeni kichwa chini, atanyamaza.* Neno lile la mwisho hakuna kitabu duniani kinalijua. Akina mama wengine walianza kuja na maneno yao, wakabishana, wakacheka, nikafuta, nikaandika upya.

Jike lile lilipona. Lilizaa watatu. Mama Kavira alimtuma binti yake mpaka depo, nilikorudi kubeba karto bila kashe, kuniambia, na mimi, mtu mzima, nilienda nyuma ya karto nikafuta macho.

Direkta alinirudishia kashe mwenyewe. Makambi mengine yalikuwa yanaomba "vile vitabu vya kuandikwa na mkono", na hakukuwa na mwingine wa kuviandika. Lakini kazi haikuwa tena ile. Kila kitabu cha mnyama kilichoingia nilikibeba kwanza Kanyaruchinya. Mama Kavira alikuwa anakaa, anachambua maharagi, mimi nasoma kwa sauti.

"Sungura anahitaji karoti kila siku," nasoma.

"Hata mimi nahitaji. Endelea."

"Usimwogeshe simbiliki mara kwa mara."

"Ah! Nani alikuwa anamwogesha? Huyu mwenye kuandika hakufagiaka mavi ya simbiliki hata siku moja. Rudisha."

Tukifika kwa wanyama wa porini ilikuwa zamu yangu. Nilimweleza gorila anavyotengeneza kitanda chake cha majani kila jioni na kukiacha asubuhi. Akasimamisha mikono juu ya maharagi. "Kila siku anaanza upya?" akauliza. "Masikini. Sawa na sisi." Nilipitisha kitabu kile kwa ajili ya neno lake. Ile ndiyo ilikuwa miaka yangu mizuri, na nilikuwa sijui kwamba ndiyo hiyo.

Vita viliteremka tena. Asubuhi moja Kanyaruchinya yote ilimwagika mjini, magodoro kichwani, mbuzi, masufuria. Nilisimama kando ya barabara tangu asubuhi mpaka jua likainama, naangalia kila kikwembe. Wengine walikwenda upande wa Sake, wengine walivuka mpaka. Siku tatu nilirudi kusimama. Baadaye nilipita kambi baada ya kambi, nikitaja jina lake, Mama Kavira wa Kalengera, mwenye simbiliki. Walinielekeza kwa akina Mama Kavira sita. Hakuna aliyekuwa yeye.

Depo ilifungwa. Direkta wa mwisho alisoma barua mbele yetu, akatushika mikono, akafunga mlango. Nina miaka hamsini na mitatu. Watu wananiambia bado kijana, lakini kazi yangu ndiyo ilizeeka. Nimejenga nyumba ya mbao kwa nguvu zangu, batoto wangu wamepita darasa la nne, wote, hata wa mwisho. Sijutii kitu. Tena hapana, ninajutia ukurasa mmoja. Na ninatamani sauti moja.

Mwezi uliopita mwalimu kijana alinijia na kitabu kipya. "Papa Kashe, ni kuhusu simbiliki. Tunataka kukitia shuleni. Kiko muzuri?"

Nilikitikisa. Nilihesabu vidole. Kilikuwa kizuri. Nikamwambia aniachie.

Kesho yake nilikibeba mpaka kwa watu waliokimbia, wamejenga vibanda vyao upande wa Lac Vert. Nilikuta akina mama wanaanika nguo juu ya mawe. Niliwasalimia, nikaomba ruhusa, nikasoma ukurasa wa chakula, kisha wa malazi, kisha wa magonjwa.

"Iko muzuri, papa," walisema.

Nikasoma tena malazi.

"Iko muzuri sana, papa. Aksanti."

Nilifahamu. Mtu akifika kambini na mkoba na viatu safi, watu wanamkubalia kila kitu. Kesho pengine atarudi na maharagi. Nikafunga kitabu.

"Akina mama, hakuna hata mmoja wa kunikatalia?"

Bibi mmoja, meno yake ya mbele hayapo, akacheka. "Tukukatalie, papa? Ju ya nini?"

"Nimetembea ju ya hiyo, mama. Sina kitu ingine nilikuja kutafuta."

Alinitazama, aone kama nina akili. Halafu alivuta nguo zake pembeni, akanipa nafasi juu ya jiwe.

"Basi anza kwa mwanzo," akasema, "na usisome mbio. Hapo kwa majani, nilikuwa na neno."